Madirisha ya Breki

Uwanja wa malori, 4 Januari

Mdogo wangu Gundi,

Ukiona barua yangu usishtuke, hakuna aliyekufa. Ni joto tu linalotumaliza, na hilo halina haraka.

Najua utacheka kwamba dada yako ana simu na bado anaandika barua. Ndani ya basi hili hakuna kona ya kunong'onezea. Nikipiga simu nikiwa jikoni, shemeji yako aliye kitandani anasikia mpaka mate ninayomeza. Kwa hiyo naandika, na barua nampa dereva wa lori anayepita huko kwenu kila wiki.

Unakumbuka alivyolinunua basi lenyewe alipostaafu. Kampuni aliyoiendeshea mabasi maisha yake yote ilikuwa inauza machakavu, naye akachagua lile alilolizoea. Tukang'oa viti, tukaweka kitanda, jiko la gesi, sinki na kabati. Alisema tutazunguka, kila mwezi mahali pengine, yeye na usukani wake, mimi na cherehani yangu ya maturubai. Tulizunguka mwaka mmoja. Halafu mguu wake wa kulia ukaanza kukosa breki, yeye ambaye wote tunamwita Breki, tukaja kuegesha hapa kwenye uwanja wa malori. Hatujaondoka tena.

Daktari anasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Hauponi, unacheleweshwa tu. Lakini alisisitiza jambo moja: joto ni adui. Mwili ukipata moto, mishipa inakata mawasiliano. Nami naliona kila siku. Asubuhi kukiwa na ubaridi, Breki anatembea kutoka kitandani hadi sinki bila kushika kitu, anasoma gazeti, anabishana na gazeti. Jua likipanda na basi likichemka, miguu inalegea na macho yanafifia, ananiuliza kwa nini nimefunga mapazia wakati sijafunga. Jioni hewa ikipoa, macho yanarudi. Mpaka sasa yanarudi, ila yanachelewa kidogo zaidi kuliko zamani.

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyezaliwa umeshika kioo. Basi hili lina madirisha mengi kuliko ukuta. Nimeshona mapazia mazito ya turubai, hayasaidii kitu. Niweke vioo gani, au karatasi gani ya tinti, ili ndani kupoe? Macho bado yapo, Gundi. Yanataka ubaridi tu.

Dada yako


Karakana ya vioo, 15 Januari

Dada,

Barua imefika ikinuka dizeli. Salamu za kwanza zimwendee shemeji, za pili zako, za tatu ziende kwa hayo mapazia ya turubai, maana yanajichosha bure. Pazia liko ndani. Jua likishapita kwenye kioo, joto limeshaingia nyumbani na kuvua viatu, pazia linalikaribisha tu. Joto linazuiwa kwenye kioo chenyewe, au nje ya kioo.

Sasa nisikilize kama fundi, si kama mtoto uliyekuwa unamfuta kamasi.

Wapo wateja wanaokuja hapa wanataka tinti nyeusi ti, asionekane aliyekaa naye kiti cha mbele. Wanadhani weusi ndio ubaridi. Wapi! Nyeusi ya kawaida inalimeza joto, kioo kinageuka kikaango, na baada ya muda kinalimwaga hukohuko ndani. Ipo ya kung'aa, ya kujitazamia uso. Hiyo inalirudisha jua lilikotoka, nzuri, ila ukiwa ndani unaona kama wingu limetanda mchana kutwa. Ya tatu ni nyepesi, sisi tunaiita karatasi ya maji. Ukishaibandika huioni. Mwanga unapita, na sehemu kubwa ya joto inabaki nje.

Yapo pia madirisha yaliyotengenezwa kwa ajili ya magari ya kuishi, ya plastiki ngumu, tabaka mbili zenye hewa katikati, unayasukuma kwa nje kama mfuniko wa sanduku. Kwa joto yanakishinda kioo cha basi. Lakini plastiki ile haipatani na karatasi, ukiibandika inatoa mapovu, na yenyewe inakwaruzika haraka mpaka unaona nje kama kupitia maziwa. Kwa mtu ambaye macho yake ndiyo tunayoyapigania, mimi ningebaki na kioo.

Ushauri wangu ni huu. Vioo vya basi vibaki. Raba zilizokufa zibadilishwe ili madirisha yafunguke na upepo upite. Karatasi ya maji ibandikwe madirisha yote ya ubavuni. Kioo cha mbele kivalishe turubai jeupe kwa nje saa za jua, hapo kushona kwako kutapata kazi ya maana. Nitumie vipimo. Na muulize mwenyewe, maana dirisha ni lake.

Mdogo wako,
Gundi


Uwanja wa malori, 27 Januari

Shemeji,

Naandika asubuhi kabla jua halijaniibia macho, kwa hiyo usisingizie ugonjwa kwa mwandiko huu. Ulikuwa mbaya hata nilipokuwa mzima.

Dada yako amenisomea habari za tinti zako. Ile nyeusi mpelekee mwenye siri. Ile ya kung'aa mpelekee anayejipenda. Mimi nimekaa nyuma ya kioo maisha yangu yote. Abiria walilala, kondakta alilala, mimi nilitazama. Sijui kazi nyingine. Sasa siendeshi, lakini nimekigeuza kiti cha dereva kitazame dirisha la ubavuni, na kutoka hapo najua nani kaingiza lori kwa ubavu, nani kagonga nguzo akajifanya hakusikia. Nikiwapigia kelele wanapunga mkono. Hiyo ndiyo ajira iliyobaki.

Niwekee hiyo ya maji. Usiniwekee giza, Shemeji. Mguu ukitaka kwenda uende, nitauburuta. Lakini mtu akikaa dirishani lazima aone nje, la sivyo amekaa kabatini.

Nimemwambia dada yako kwamba tukipoa vizuri nitalitoa basi hili hapa, hata kama ni mpaka barabara kuu na kurudi. Amenicheka. Wewe usicheke, lete karatasi.

Breki


Karakana ya vioo, 12 Februari

Dada na Shemeji,

Mzigo ndio huu: roli la karatasi ya maji iliyoviringishwa, raba za madirisha, mpira wa kuburutia maji na chupa ya kunyunyizia. Ningekuja mwenyewe, lakini fundi mwenzangu anaumwa na karakana yote iko mgongoni kwangu. Dada, mikono iliyoshona maturubai haiwezi kushindwa na hii. Osha kioo mpaka kipige kelele kikiguswa na kidole. Madoa magumu yatoe kwa wembe ulioulaza. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye kioo na kwenye upande wenye gundi, bandika kwa ndani, kisha buruta mpira kutoka katikati kwenda pembeni. Fanya asubuhi kioo kikiwa baridi, na usifanye kwa hasira.

Jambo moja muhimu. Siku za mwanzo mtaona ukungu kwenye vioo, mabaka ya maji yaliyonaswa chini ya karatasi. Msinitukane. Yatakauka yenyewe, na kioo kitakuwa safi kana kwamba hakijaguswa. Shemeji, mpaka hapo vumilia ukungu.

Gundi


Uwanja wa malori, 20 Machi

Mdogo wangu,

Karatasi yako imefanya kazi. Natangulia kusema hivyo ili usidhani nakulaumu. Mchana wa jua kali malori huko nje yanaungua mpaka yananuka rangi, nami humu ndani nashona bila kufuta jasho. Mguu wa Breki umekaza. Watu wanakuja kuazima chumvi, wakishaonja hewa ya humu hawaondoki.

Macho hayajarudi.

Mwanzoni alisema, "Ni ule ukungu aliousema shemeji." Alikuwa anapapasa kioo kwa kidole akiniuliza kama mabaka yamepungua. Nikamwambia yamepungua. Yalipungua kweli, Gundi, kisha yakaisha, nikamwambia yameisha. Halafu akasema, "Basi shemeji kakosea roli. Hii ni ile nyeusi."

Na ukimsikiliza, hesabu yake imekaa sawa. Siku zote kwenye joto haoni na kwenye baridi anaona. Sasa kuna baridi, mguu umekubali, na bado haoni. Kilichoongezeka humu ni karatasi. Kwa hiyo kosa ni la karatasi. Anasema anaona kama jioni inayoingia, vivuli tu.

Tulikwenda kliniki. Daktari alimmulika machoni, akamwambia tutaangalia, kisha akaniita mimi nje mlangoni. Mishipa ya macho imekufa. Ubaridi hautairudisha tena, na hata hivyo vivuli vitazimika. Akasema, "Mwambie taratibu, wewe ndiye unayemjua." Tangu siku hiyo nautafuta huo utaratibu siuoni. Nakaa naye, nafungua mdomo, naye anasema, "Mwandikie shemeji alete nyepesi," na uso wake una furaha. Ni furaha ya dereva aliyeshuka kutafuta ubovu wa gari akakuta ni kitu kidogo. Nayameza maneno yangu.

Anasikia kalamu. Ameniuliza naandika nini kirefu hivi. Nimemjibu vipimo.

Nakuomba kitu ambacho fundi hapaswi kuombwa. Andika kwamba ulikosea. Sema roli lilikuwa jeusi. Nitamsomea kwa sauti, nipate muda kidogo wa kupiga moyo konde. Nakuomba, Gundi.

Dada yako


Karakana ya vioo, 30 Machi

Dada,

Niliisoma barua yako nikaiweka chini, nikatoka nje. Mteja aliniuliza kama naumwa, nikamwambia vumbi.

Sitaki. Nakwambia waziwazi. Si kwa ajili ya jina langu, maana waongo wengi wana karakana nzuri kuliko hii. Sitaki kwa sababu nikisema karatasi ilikuwa nyeusi, nimemwahidi kwamba ipo nyeupe. Utamsomea leo atafurahi, na kesho ataanza kuuliza inakuja lini. Mwambie, Dada. Ni mtu mzima. Ameshika roho za watu mikononi miaka yote ile, ataishika na yake.

Lakini nakujua. Mpaka umefikia kuniomba, umeshalia vya kutosha. Ukurasa wa pili ndio wa kumsomea. Huu wa kwanza uchome.

Gundi

*

Shemeji,

Una jicho la fundi. Nimekagua stoo nimekuta ni kweli. Roli nililowatumia ni la weusi wa kati. Lilikaa pamoja na yale ya maji, nami nikabeba bila kusoma lebo. Aibu ni yangu. Wewe huna kosa lolote. Nipe nafasi nitarekebisha.

Shemeji yako mwenye kuinamisha kichwa,
Gundi


Uwanja wa malori, 11 Aprili

Gundi,

Ulisema kweli, na nakuomba usinikumbushe.

Nilimsomea. Alicheka mpaka akakohoa. "Maskini shemeji, msimseme vibaya. Hata mimi niliwahi kupeleka basi zima mji usio wao." Kuanzia hapo amekuwa mtu mwingine. Anakula. Anaimba akinyoa. Amewatangazia walinzi wa geti, madereva na mwosha magari: shemeji anakuja kunibadilishia madirisha, mjiandae, nitaanza tena kuwaona mnavyoegesha. Amemwita mtu wa matairi alijaze basi upepo. Mlinzi amenishika mkono akaniambia, "Hongera mama, mzee ataona," na mimi nikasema asante.

Bado sijasema. Kila siku inayopita kusema kunazidi kuwa kugumu, kwa sababu sasa nitamnyang'anya vitu viwili, macho na hili tumaini.

Vivuli navyo vinamtoka. Jana alinyoosha mkono achukue kikombe, akashika uso wangu. Akasema, "Karatasi hii ni nyeusi, jamani."

Njoo. Bandua kipande kimoja, bandika kingine, jifanye kama unavyoweza. Kisha nitamwambia wewe ukiwepo. Peke yangu nimeshindwa.

Dada yako


Karakana ya vioo, 3 Mei

Dada,

Nimefika. Hatukuagana vizuri. Ulinisindikiza mpaka getini hukusema neno, nami sikusema. Naandika niliyoshindwa kuyasema pale, maana tulikuwa watatu ndani ya basi na kila mmoja anamdanganya mwenzake.

Tulipatana nibandue kipande tu, kisha wewe useme. Sikujua nitamkuta amekaa kwenye kile kiti chake, kanyoa ndevu, kavaa shati la kazi. Karatasi ilipoanza kubanduka akasikia ile sauti ya kuchanika, akawa anafumba macho na kufumbua kila kipande kilipotoka. Nikachukua roli jipya. Akasema, "Hapana. Usiweke kitu. Acha kioo kitupu, nimechoka na makaratasi yenu." Nikakutazama. Ulikuwa unaosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Kwa hiyo nikabandua yote. Ulikuwa umebandika vizuri, Dada, kuliko vijana wangu wa karakana. Nikaibandua karatasi nzima kwa mikono yangu, kioo baada ya kioo. Akauliza, "Tayari?" Nikasema tayari.

Akasogea mpaka pua ikagusa dirisha. Halafu akasema, "Ahaa! Hapo sasa. Shemeji, wewe ndiye fundi." Akaanza kutueleza. Malori mkono wa kushoto yamepangwa ovyo. La mwisho limeziba njia. Mwosha magari kavua shati. Nikatazama nje. Uwanja ulikuwa mtupu. Malori yalikuwa yamehamishiwa upande wa pili siku iliyotangulia, mlipokwenda tena kliniki, na mwosha magari siku hiyo hakuja kazini. Mbele yetu palikuwa na ukuta na madoa ya oili.

Nikasema, "Kweli, limeziba njia."

Sijui kama alitudanganya ili nisiumbuke, au alitaka kuona mpaka akaamini anaona. Nimeliwaza njia nzima. Ninachojua ni kwamba nilikuja kukusaidia kusema ukweli, nikaondoka nimekuachia madirisha matupu na jua linazidi kuwaka. Karatasi mpya iko chini ya kitanda. Mwambie, kisha uibandike. Usiniombe uongo mwingine, sina tena.

Gundi


Uwanja wa malori, 29 Mei

Mdogo wangu,

Nimemwambia. Nakuandikia yote, kisha usiniulize tena.

Ulipoondoka alikaa kwenye kile kiti kila siku. Vioo vitupu, jua lote liko ndani. Jasho linamtiririka, shati limemganda mgongoni, naye ananiambia leo uwanja umechangamka. Nikitaka kuvuta pazia anasema, "Unataka kunifungia tena?" Mguu ukalegea, halafu mkono. Akawa anaangusha kijiko na kusema kijiko kina mafuta. Nilikuwa namtazama anaiva, na chini ya kitanda lipo roli la kumpoza. Nilishindwa kulitoa kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia karatasi kama hiyohiyo ni nyeusi.

Alhamisi mchana akaanguka kutoka kitini. Alitaka kuniita, ulimi ukawa mzito, neno halikutoka. Nikammwagia maji, nikamfunika kwa shuka lililolowa, mlinzi akanisaidia kumlaza sakafuni. Ulimi uliporudi, cha kwanza alichosema ni, "Niinue, nataka kuona nje." Hapo nikachoka, Gundi. Usidhani nilipata ujasiri. Nilichoka tu.

Nikamwambia kioo hakina kosa. Karatasi haikuwa nyeusi, ilikuwa ileile uliyoichagua mwenyewe. Ni macho, daktari aliniambia, na hayatarudi.

Akauliza, "Lini?"

Nikasema tangu Machi.

"Na shemeji?"

Nikasema alijua, mimi ndiye niliyemwomba. Akafumba macho, nikadhani amelala. Halafu akauliza, "Siku ile niliyowaambia habari za malori. Yalikuwepo?"

Nikasema hayakuwepo.

"Na mwosha magari?"

Nikasema hakuwepo.

"Mkaniacha niseme."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alijifunika shuka usoni, mtu mzima yule, akalia bila sauti. Nilipomgusa bega akauondoa mkono wangu taratibu, kwa adabu, kama anayemwondoa abiria aliyekosea kiti.

Kesho yake akasema niyazibe madirisha. Nikamwambia nitabandika ile karatasi. Akasema, "Ya nini? Ziba yote." Nikamwita seremala, akakata mbao, katikati akaweka sponji nene, tukaziba kila dirisha la ubavuni, kisha kioo cha mbele. Kile kiti akaomba king'olewe. Wamekichukua walinzi, wanakikalia getini.

Sasa humu kuna ubaridi ambao karatasi yako isingeuleta. Ningependa kukwambia tumepata hasara, lakini mguu umekaza, mkono umerudi, anakwenda sinki mwenyewe hagongi kitu. Mlinzi anasema mzee amepona. Mimi nashonea nje kwenye ngazi, maana ndani sioni sindano. Nikimpa chai anasema asante. Nikiingia anasema karibu. Nikipiga chafya anasema pole. Zaidi ya hapo haniambii kitu. Nimelala na mtu huyu maisha yangu yote, na sasa ananiheshimu kama mgeni. Naumia, Gundi, sina mwingine wa kumwambia.

Jumapili nilijaribu. Malori yalikuwa yamerudi upande wetu, yamejaa mpaka getini, madereva wamelala kwenye mikeka chini ya matela, mwosha magari kafungulia redio. Sponji imeziba sauti zote, humu ndani husikii kitu. Nikaingia nikakaa karibu naye, nikamweleza kila kitu kilivyo, lori kwa lori, sikuongeza chumvi wala sikupunguza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatabasamu kidogo akasema, "Inatosha. Usinitungie malori kwa kunionea huruma."

Jioni akaniuliza mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Nje kuna nini?"

Malori yalikuwa bado yapo. Nikamwambia hakuna kitu, uwanja ni mtupu.

Akasema, "Haya. Hilo naliamini."

Dada yako